Mwanao anataka kushika bumu

Leo ninamjibu mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, ambaye mwanawe yuko hapa Midrand, mwaka wa pili wa chuo, masomo ya kompyuta. Kijana amempigia simu kusema anataka "kazi ya bumu". Mama akafurahi, akadhani ni zile fedha za mkopo wanazopewa wanafunzi wa vyuo vikuu kwetu. Alipoelezwa kwamba ni kushika mti mrefu wenye maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji, akaniandikia: "Dada nesi, hiyo nayo ni kazi? Nani anamlipa mtu kwa kushika mti?"

Ni kazi, mama, na watu wanasomesha watoto kwayo. Hapa Midrand neno lenyewe linachanganya hata zaidi, maana kwa wenyeji bumu ni ule mti unaoinuka na kushuka kwenye geti la nyumba za pamoja. Kijana akiwaambia majirani kwamba ni mtu wa bumu, wanaweza kudhani ameajiriwa ulinzi.

Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba kazi hii ilianza na fimbo ya kuvulia samaki. Mwaka 1929 mwongozaji wa kike, Dorothy Arzner, alikuwa akitengeneza filamu ya The Wild Party huko Hollywood. Filamu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kusema, na maikrofoni zilifichwa mahali pamoja, kwa hiyo mwigizaji wake Clara Bow hakuweza kutembea huku akizungumza. Arzner akaagiza maikrofoni ifungwe kwenye fimbo na mtu amfuate nayo. Hadi leo kazi ni hiyo hiyo, ila mti umekuwa mwepesi zaidi.

Kwa nini wasiweke maikrofoni kali mbali, wakaongeza sauti tu? Kwa sababu ukizidisha umbali mara mbili, sauti ya mwigizaji inashuka kwa desibeli 6 hivi, na ukiipandisha tena, unapandisha pamoja nayo friji, feni, na magari ya barabara ya N1. Ndiyo maana mshika bumu anataka maikrofoni iwe karibu na mdomo kadiri inavyowezekana, bila kuonekana kwenye picha, bila kivuli chake kumpiga mwigizaji usoni, bila kugonga taa. Lazima ajue mazungumzo karibu kama waigizaji wenyewe, ili maikrofoni iwe imeshageuka kabla anayefuata hajafungua mdomo. Ndani ya nyumba za watu, watu wa sauti huzima friji na kuweka funguo za gari lao ndani yake, wasije wakaondoka bila kuiwasha tena. Mtu mwenye akili ya namna hiyo nisingemwita mshika mti.

Sasa, kazi inapatikanaje? Si kwa kutuma wasifu kwenye kampuni. Mshika bumu huchaguliwa na fundi wa sauti, yule anayekaa kwenye mashine ya kurekodia, kwa sababu yeye ndiye mikono yake. Kwa hiyo kijana asimtafute mtayarishaji wala mwigizaji maarufu; awatafute mafundi wa sauti. Aombe kubeba nyaya, kubadilisha betri, kuvalisha waigizaji vimaikrofoni vya nguoni. Siku mshika bumu anapougua, ndipo fundi anageuka kuangalia nani yuko karibu. Wengi waliingia kwa mlango huo.

Mahali pa kuanzia ni filamu za wanafunzi. AFDA, shule ya filamu iliyoanzishwa 1994, ina tawi lake Auckland Park, mtaa ule ule wenye makao makuu ya SABC. Wanafunzi huhitaji mikono kila muhula. Usitegemee malipo hapo, ila unapata jina lako mwishoni mwa filamu, na unapata makosa yako mahali yasipomgharimu mtu fedha. Randburg, nusu saa hivi kwa gari kutoka Midrand barabara ikiwa wazi, ndipo yalipo makao ya MultiChoice. Lakini mara nyingi seti inamtaka mtu alfajiri, kabla Gautrain haijaanza safari, na mwanafunzi asiye na gari atahesabu nauli kwanza.

Kuna jambo vijana wetu hawalifikirii: lugha. Tamthilia kama Skeem Saam, inayoonyeshwa SABC1 tangu 2011, mazungumzo yake mengi ni Kisepedi. Muvhango ilijengwa juu ya Kivenda. Asiyeelewa lugha atajuaje nani anafuata kusema? Upande wa pili, kwenye filamu ya Kiswahili kijana wetu ana sikio ambalo mwenyeji wa hapa hana. Na filamu hizo zina mikono ya Afrika Kusini ndani yake: Steven Markovitz wa Cape Town alishiriki kuzalisha Rafiki ya Wanuri Kahiu wa Kenya, 2018, na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 na hadithi yake ni ya Zanzibar.

Nije kwenye kinachonikosesha usingizi, yaani karatasi. Viza ya mwanafunzi wa chuo nchini hapa inaruhusu kufanya kazi za muda, zisizozidi saa 20 kwa wiki. Siku moja ya kupiga picha huwa saa 10, pengine 12. Piga hesabu: siku mbili, ruhusa imekwisha, au imepita. Na akiacha chuo, viza hiyo inaanguka pamoja na chuo. Atasema ataomba viza ya kazi. Viza ya kawaida ya kazi hutolewa kwa mwajiri anayetajwa, wakati fundi wa filamu ana waajiri kumi kwa mwaka, kila mmoja kwa wiki mbili tatu. Huo ndio mfupa mgumu, na kipaji hakiutafuni. Atakayemwambia "tutakulipa mkononi, usijali" anamfanyia hesabu ya faida yake mwenyewe.

Tena kazi yenyewe si ya kila mwezi. Mafundi wengi wa filamu hapa ni wa kujitegemea. Mimi nikiumwa, sheria inanipa likizo ya ugonjwa yenye malipo, siku za kazi za wiki sita ndani ya miezi 36. Mshika bumu akiumwa, siku hiyo hailipwi na mti unashikwa na mwingine. Mapema 2025 watu wa filamu waliandamana wakidai ruzuku za serikali zilizochelewa, kwa sababu kazi zilikuwa zimekauka. Na hao ni wenyeji, wenye vitambulisho na mashangazi wa kuwalisha.

Kwa kuwa mimi ni nesi, mniruhusu niseme kuhusu bega. Kunyanyua mikono juu ya kichwa siku nzima huchosha kano za bega. Wanaojua kazi husimama miguu imeachana, mikono wameinyoosha juu ili uzito ushuke kupitia mifupa, na wanaushusha mti kila mwongozaji anaposema kata. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku akilalia bega hilo si uchovu. Aende kliniki mapema. Na sauti ya vipokea sauti vya masikioni iwe ya chini inayomtosha. Sikio likishaharibika kwa kelele, sina dawa yake wodini.

Kwa hiyo mama, ushauri wangu ni huu: usimkataze, ila asiache chuo. Chuo ndicho kinachomweka nchini kihalali. Abebe nyaya mwishoni mwa wiki, ndani ya saa zake 20, kwenye filamu tatu nne. Akimaliza shahada na bado anaupenda mti huo, Dar es Salaam na Nairobi wanapiga filamu, na kwao hakuna atakayemuuliza viza.

Akikupigia tena, muulize jina la fundi wa sauti anayemfuata. Akikutajia mwigizaji, bado hajaanza kutafuta.