Nauli ya Mchoraji

Magazeti yetu yamezoea kumlipa mchoraji wa kujitegemea kwa kipande: mchoro ukichapwa analipwa, usipochapwa amejichosha. Nauli haimo katika malipo hayo. Ndiyo maana Handeni inayochorwa mezani Dar es Salaam haivuki vitu vitatu: mgunga, ng'ombe na mtu aliyejifunga lubega. Korogwe nayo ni mkonge na mlima nyuma yake.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la wasanii. Silo. Tangu Juni 2022, Serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, taifa linabishania mahali ambapo wengi wetu hatujapatia machoni. Msomaji huanza na picha ndipo aende kwenye aya. Akioneshwa nyumba mpya na tabasamu, anahitimisha; akioneshwa ukame na machozi, anahitimisha vilevile. Katika michoro ya namna hizo mbili hayumo mwenyeji aliyekuwa akiishi Msomera kabla ya nyumba hizo kujengwa. Huyo humwona aliyefika tu.

Na kufika si muujiza. Mchoraji aishiye Korogwe ana kilomita 65 tu za barabara hadi Handeni mjini, kisha safari ya Msomera. Anachokosa ni mhariri wa kumtuma.

Kwa nini hadai? Kwa sababu anaijua nafasi yake. Januari 2015, The EastAfrican lilichapa mchoro wa Gado uliomkejeli Rais Kikwete. Mwezi huohuo gazeti likazuiwa nchini kwa hoja ya kutosajiliwa. Mwaka 2016, Gado hakuongezewa mkataba na waajiri wake wa Nairobi. Ikiwa mwenye jina kubwa na mkataba aliupoteza, asiye na mkataba atadai kwa ulimi upi?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaulinda mchoro na inampa mchoraji haki ya kutambuliwa. Basi wahariri, na ninyi watumishi wa umma mnaoagiza michoro ya ripoti na vipeperushi, toeni mambo matatu: mkataba wa maandishi, jina chini ya mchoro, na nauli.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, kabla ya kuusambaza mchoro wowote wa Msomera, ulizeni kwanza: aliyeuchora alifika?