Sahani ya Wali Nayo ni Deni

Watu wetu wa pwani wana mazoea ya kumsema vibaya mwanamke anayepika barabarani. Watasema kakosa haya, kakaa na moshi mbele ya wanaume, kazoesha watu kula nje ya majumba yao. Wamesahau mabibi zao waliokaanga vitumbua vibarazani, wakasomesha watoto chuoni kwa vitumbua hivyo. Na wengi wasemao hayo huwa wana sahani ya mwanamke huyo huyo tumboni, na sahani yenyewe hawajailipa. Juu ya hili la pili hatusikii mtu akiwaidhi.

Si barazani tu anakosukumwa. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilipopita, wachuuzi wadogo wa Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa vijijini, ati ni wazururaji. Oktoba 2021 vibanda vya kando ya barabara viliondolewa tena. Ikaonekana hata jina la mama ntilie halina heshima, likatafutwa la mama lishe. Vema, lakini jina halinunui mchele.

Tumtazame mpishi huyu mahali palipo mbali na mji. Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, upande wa magharibi wa Ifakara. Masika yakishika bonde hufurika, njia huharibika, na wako watu wahamao kwenda kukaa mashambani, katika madungu, kuulinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Kijiji cha namna hiyo wakati huo huwa kama kisiwa. Na fedha ya mkulima haiji kila mwezi kama mshahara. Huja mpunga ukishavunwa, baina ya Mei na Julai, ukapata mnunuzi. Basi katika miezi ya kulima na kupalilia, mtu akiingia kibandani akala wali kwa maharage au kwa samaki wa mtoni, neno lake ni moja: "Niandikie." Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa sana. Lamu, Mafia, Tumbatu, ni yayo hayo: mahamri na mbaazi asubuhi, kahawa jioni, na malipo mpaka bahari itulie, na kwa ndugu zetu wa Pemba, mpaka karafuu zikauke.

Hapana ubaya kukopa chakula. Mtume wetu (S.A.W.) alifariki na deraya yake imewekwa rehani kwa shayiri aliyowanunulia watu wa nyumbani kwake. Lakini angalia: aliacha rehani. Wewe umeacha nini kwa mama ntilie zaidi ya jina lako katika daftari lililolowa mafuta?

Watu hudhani kuwa mahali padogo deni ni salama kwa sababu kila mtu anajulikana. Ni kinyume chake. Mjini muuzaji aweza kubandika karatasi ukutani kwamba mkopo ni kesho, na mteja asiyemjua akamwondoa. Lakini mama wa kijijini atamkataliaje shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake, jirani wa shamba, mtendaji wa kijiji? Atamdaije mtu mbele ya watu, na kesho wakutane msibani? Haya, ambayo ingemzuia mlaji asile asichoweza kulipa, imegeuka kuwa kamba ya kumfunga mpishi.

Wako wanaojibu, "Huyu kanisamehe, mbona hanidai?" Hawa ndio wa kuogopwa zaidi. Wanavyuoni wamesema kuwa kilichochukuliwa kwa upanga wa haya ni kama kilichonyang'anywa. Mama akinyamaza kwa kuwa wewe ni mkubwa wa mtaa, au kwa kuwa mumewe kamkataza kugombana, hakusamehe kitu. Ameshindwa kusema tu. Na aliyesoma kidogo atashika aya ya 280 ya Suratul Baqara, kwamba mwenye dhiki apewe muhula. Kweli, na apewe! Lakini ni dhiki gani ya mtu aliyekwisha uza mpunga, nyumba kaezeka bati, simu yake haikosi bando, na jina lake limo daftarini tangu Februari? Asogee mbele kidogo asome ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima, na mazungumzo yake ni deni na namna ya kuliandika. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa, huo ni udhalimu.

Mlaji husema, "Ni sahani moja tu." Tufanye hesabu. Tuseme mama anapika sahani 30 kwa siku. Mchele, mafuta, nyanya, kuni na maji vimemeza thamani ya sahani 24. Sita zilizobaki ndizo faida yake, ndiyo sabuni, ndiyo sare ya mtoto. Wakila watu sita kwa kuandikiwa, siku ile ametoka kitandani kabla ya alfajiri bure. Wakila wanane, amewalisha mtaji. Na wakifanya hivyo kila siku, naye akiendelea kupika sahani zile zile 30, siku 12 zatosha kuumaliza wote. Wala hapana mwizi aliyepita.

Aende wapi basi? Halmashauri zina asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini lataka kikundi, lataka katiba, lataka kungoja. Na mchele wataka kununuliwa kesho asubuhi. Ndipo anapoangukia kwenye ile mikopo ambayo wakopaji wenyewe wameiita "kausha damu". Jina latosha. Riba tunayoipigia kelele juu ya mimbari, huyu hakuifuata kwa tamaa. Amesukumwa na mtu wa safu ya kwanza aliyekula, akanawa, akamshukuru Mola wake, akaondoka.

Na aliyeondoka ajue mbele yake kuna nini. Aliletwa maiti Mtume (S.A.W.) amswalie, akauliza kama ana deni. Alipoambiwa analo, nalo lilikuwa la dinari chache, hakumswalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake.

Kwetu nasi, maiti akishaswaliwa, jamaa husimama wakatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu na aje kwao. Desturi njema hiyo. Lakini hutangazwa wapi? Mbele ya wanaume, msikitini au makaburini. Mpishi hayupo pale. Yuko uani kwa marehemu, na masufuria ya kuazima, anawapikia waliokwenda kuzika. Tangazo hilo na lipelekwe uani pia, kwa sauti, na kila mwenye kibanda cha mtaa ule aulizwe kwa jina lake. Na aliye hai asingoje kutangaziwa: mpunga wa msimu huu ukiuzwa, kabla ya bati na kabla ya pikipiki, apite kibandani aombe kufunuliwa ukurasa wake.