Watoto Wafundishwe Kufumbua Mambo

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, ili udongo usichukuliwe na mvua. Shabaha ilikuwa njema, lakini wakulima hawakushauriwa. Kazi ilikuwa nzito, na mahali penye udongo haba matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa.

Twajifunza kwamba jibu la kupewa, lisilofikiriwa na mwenye shida, halidumu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Basi tusiridhike na mtoto anayekariri tu. Swali moja, “Kwa nini mto una tope?”, laweza kupita katika masomo yote: katika hesabu apime mwinuko wa shamba, katika jiografia aufuate Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, katika Kiswahili awahoji wazee na kuandika waliyomweleza.

Nasi nyumbani akituuliza, tusimkemee, tumwambie, “Wewe waonaje?” Akikosea, ajaribu tena. Kwani kesho milima hii itamtegemea yeye.