Spirit of Eden haikukataliwa na wasikilizaji

Mwandishi, nakubaliana nawe kuhusu uzuri wa albamu hii ya Talk Talk, ila hapo unaposema kwamba mwaka 1988 wasikilizaji waliipa kisogo sikubali hata kidogo. Ilifika nafasi ya 19 kwenye chati ya Uingereza, na hilo si jambo dogo kwa kazi ambayo upande wake wa kwanza ni nyimbo tatu zilizoungana kwa zaidi ya dakika ishirini, zenye ukimya mrefu na sauti ya mwimbaji wao Mark Hollis inayokaribia kunong'ona. Wachangiaji wenzangu mtasema albamu yao The Colour of Spring ilifika nafasi ya 8 miaka miwili tu kabla, kwa hiyo ni anguko. Ni kweli ilishuka, lakini ile ilikuwa na nyimbo za redio. Hii haikuwa nao hata mmoja, na kampuni yao ya rekodi, EMI, walipofupisha “I Believe in You” ili itoke peke yake, walikata pumzi yenyewe ya wimbo. Wahakiki nao hawakuwa kitu kimoja, maana wapo walioisifu tangu mwanzo. Tafadhali usiwatwike wasikilizaji kosa la kipimo cha kampuni.