Sauti ni amana, mtambo nao ubishe hodi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walisema hivyo wakifikiria fedha na shehena za majahazi, lakini mimi kila nikilisikia neno hili huwaza sauti. Katika mali zote tulizorithi watu wa Pwani, sidhani iko iliyopotea kimyakimya kama nyimbo zilizoimbwa usiku mmoja, zikashangiliwa, kisha zisisikike tena.

Mmoja wa waliozipoteza ni mimi. Mwaka 1986, katika harusi moja ya Mji wa Kale, Mombasa, nilipewa kazi ya kuangalia kinasa-sauti cha kaseti. Fundi mitambo alikuwa amekaa na mikisa yake karibu na jukwaa; mimi na mashine yangu tulikuwa chini ya ngazi, maana ndiko kulikokuwa na umeme. Tulipatana kwamba akipunga leso nibonyeze kitufe chekundu. Kaseti ilikuwa ya dakika 90, yaani dakika 45 kila upande. Upande wa kwanza ulipokwisha niliigeuza, nikangoja ishara. Ikapita sinia ya halua na kahawa, nami nikageuza uso. Leso ikapungwa, sikuiona. Mzee aliyekuwa akiimba alitoa usiku ule utungo ambao hakuwa ameuimba mahali pengine, wala hakuishi kuuimba mara ya pili. Wenye harusi waliniuliza habari ya kaseti ile kwa miaka mingi. Sikuwa na jawabu.

Aibu ile ilinirudia hivi karibuni, nilipoketi na fundi mmoja kijana akinionyesha mikisa ya dijitali. Alibonyeza kitufe mezani pake, na kompyuta iliyokuwa chumba cha pili ikaanza kunasa, kila maikrofoni kwa njia yake: udi peke yake, tashkota peke yake, tabla peke yake, na sauti ya mwimbaji peke yake. Hapana leso wala kijana chini ya ngazi. Nilifurahi sana. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niliingiwa na fikira nyengine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Kwanza tuufahamu ufundi wenyewe, maana si wa jana. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha moja ya kuviunganisha, nayo ikaitwa MIDI. Mwaka 1992 lugha hiyo iliongezwa mlango wa kuamrisha mashine za kunasa sauti: anza, simama, rudi nyuma, enda mbele, nasa, nenda mahali fulani katika wimbo.

Haja ya jambo hili ilitokana na mashine za siku zile. ADAT ya kampuni ya Alesis, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1991, ilinasa njia 8 za dijitali juu ya kanda ya S-VHS, jamaa ya zile kanda za video tulizokuwa nazo majumbani. Mashine 16 za namna hiyo ziliweza kuunganishwa zikaenda kwa hatua moja, zikafikisha njia 128. Hakuna binadamu awezaye kuzunguka akabonyeza vitufe 16 kwa wakati mmoja, kwa hiyo ilibidi amri itoke mahali pamoja. Mikisa za dijitali zikaichukua kazi hiyo. DM2000 ya Yamaha, iliyotoka 2002, ilikuwa na vitufe vya mashine ya kunasa juu ya meza yenyewe, pamoja na namna ya kuchagua ni njia zipi zinase na zipi ziachwe. Baadaye kanda ziliondoka, kompyuta ikashika mahali pake. Mikisa za CL za kampuni hiyo hiyo, za mwaka 2012, huweza kuiamrisha kwa njia ya mtandao kompyuta yenye programu ya Nuendo Live, fundi asiinuke kitini.

Umbali nao umekuwa ukiongezeka. Waya wa MIDI haupendekezwi kupita mita 15, yaani upana wa ukumbi mdogo. Waya wa mtandao wa shaba hufika mita 100. Siku hizi mikisa nyingi huendeshwa kwa tableti bila waya, na fundi aweza kuwa barazani, au hata ndani ya gari, huku mkono wake umo ukumbini.

Kabla sijafika kwenye dukuduku langu, nawapa mafundi wetu neno moja. Amri kutolewa si amri kutiiwa. Mikisa inayoamrisha kwa waya mmoja ni kama mtu anayeita dirishani usiku: ametamka, lakini hajui kama amesikiwa. Yataka waya wa pili wa kurudisha jawabu, ndipo meza ijue mashine imefanya nini. Kadhalika kila mashine ina namba yake, na amri hutumwa kwa namba. Ukiipeleka kwa namba nyengine mashine itanyamaza, isipokuwa ukitumia 127, ambayo ni ya kuziita zote pamoja. Na hata ikiitika, kama njia hazikuwekwa tayari kunasa, itakwenda mbele na saa itahesabu, huku hakuna kitu kinachoingia. Kwa hiyo fundi asiridhike na taa ya meza yake. Anase dakika moja, airudishe, aisikilize kwa masikio yake, ndipo mwimbaji aitwe. Nami ndiye wa kusema hayo, kwa kuwa nimeonja majuto yake.

Sasa dukuduku langu. Mashine yangu ya 1986 ilikuwa na ila nyingi, lakini ilikuwa shahidi wa kazi yake. Taa nyekundu ilionekana, magurudumu yalizunguka, na kando yake palikuwa na mtu anayejulikana ni mtoto wa nani. Mwimbaji aliyechukizwa aliweza kusema, “Hebu zima hiyo, mwanangu,” nami nikazima. Leo mashine i chumba cha pili, taa iko mezani kwa fundi, na mwenye kuimba hana alama yoyote ya kumwambia kwamba neno lake linawekwa.

Hebu fikirini usiku wa kupamba. Wanawake wamevua mabuibui, wanaimba na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Katika harusi nyingi za Mombasa simu huzuiwa mlangoni, na hiyo ni heshima nzuri. Lakini maikrofoni iliyo mbele ya mwimbaji ina waya unaotoka nje kwenda kwa fundi, na aghalabu fundi huyo ni mwanamume, aliyewekwa nje kwa ajili ya adabu. Yeye husikia kila neno, na kwa kidole kimoja aweza kulinasa. Tumefunga mlango wa simu tukasahau dirisha la mikisa.

Wala sisemi jambo la kubuni. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jamaa zangu aliimba katika usiku wa wanawake. Hakutukana mtu, hakusema la aibu. Aliimba kama mama yake na nyanya yake walivyoimba. Baada ya wiki chache alikuwa akienda sokoni, akaisikia sauti yake inatoka katika tuktuk, dereva anaitikia. Alirudi nyumbani bila kununua kitu. Tangu siku ile hafungui kinywa harusini, na vijana waliokuwa wakijifunza kwake hawana wa kuwafunza.

Mimi nilipoteza wimbo mmoja kwa kutobonyeza kitufe. Aliyembonyezea yule mama bila ruhusa yake alipoteza nyimbo zake zote zilizobaki. Nikiyapima makosa haya mawili, la pili naliona kubwa zaidi.

Najua wako watakaosema, basi na tukataze kunasa kabisa. Hapo sikubaliani nao. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri. Amefariki 1950, na kama tungali twaweza kumsikia ni kwa sababu ya santuri. Hapa Mombasa pia, lau si watu kama wenye Mzuri Records waliotoa nyimbo za taarabu, vijana wetu wangesimuliwa tu kwamba palikuwa na waimbaji. Lakini tuangalie tofauti. Siti alipanda meli kwa miguu yake, akasimama mbele ya mtambo akijua ni mtambo. Hakuna aliyemvizia.

Sheria za nchi nazo haziko kimya. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa mwenye kuimba haki ya kuruhusu au kukataza uimbaji wake usinaswe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo hutaka mtu aelezwe anapokusanyiwa habari zinazomhusu. Hata hivyo nani kati yetu atakayempeleka fundi wa harusi mahakamani, na pengine ni mtoto wa jirani? Dawa ya jambo hili iko katika adabu tuliyolelewa nayo. Tumefunzwa tusiingie nyumba ya mtu hata tubishe hodi tukaribishwe. Sauti ya mtu ni nyumba yake, na mtambo nao ubishe hodi.

Rai yangu ni mambo matatu. La kwanza, kunasa kutangazwe kabla ya kuanza, kwa ulimi wa msimamizi wa shughuli, na taa nyekundu iwekwe mahali ambapo mwimbaji ataiona. Hili si gumu. Mikisa nyingi kubwa zina tundu la kutoa ishara nje ya meza, na ishara hiyo yaweza kuwasha taa kila mashine inaponasa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya mikisa.

La pili, siku ya kupatana ijira, wenye shughuli na fundi wapatane pia ni nani atakayekaa na kilichonaswa. Kikabidhiwe kwa wenyewe, kisha fundi afute nakala yake mbele yao. Asiyetaka kufuta aseme mapema, atafutwe mwengine.

La tatu, na ndilo nilipendalo zaidi, tuwafundishe binti zetu ufundi huu. Mombasa tayari iko na wapiga picha wa kike wanaoingia harusini kwa wanawake. Iweje mikisa iwe haramu kwa mkono wa binti, na hali si kazi ya nguvu bali ya sikio na utulivu? Fundi akiwa mwanamke, meza itaingia ndani ya ukumbi, na akina mama watamwona aliyeshika kitufe.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Zamani kata ya harusi zetu ilikuwa somo wa bibi harusi, mtu mzima aliyeaminiwa kwa alichokiona na alichokisikia. Leo kuna kata ya pili, nayo ni yule anayekaa mbele ya mikisa. Kila Mfunguo Mosi ukiingia harusi hufuatana, na wenye shughuli humwuliza fundi bei ya spika kabla ya yote. Naomba mara hii wamwulize kwanza: kitufe cha kunasa kitashikwa na nani, taa yake itaonekana wapi, na sauti za mama zetu zitalala kwa nani usiku huo?