NANI ANAPUMZIKA SIKU YA DOMINIKA?



Katika kuzitembelea Jumuiya Ndogo Ndogo, mjini Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru, neno tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Padre, nimechoka." Hulisema mama anayeshuka alfajiri na mkungu wa ndizi kichwani kuelekea soko la Tengeru. Hulisema kijana wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki; hulisema kibarua wa shamba la maua, na bibi anayesomesha wajukuu yatima. Tukiwasikiliza vizuri, tunatambua kwamba si mwili tu uliochoka. Wanatuambia kwamba hata sala imekuwa mzigo.

Jibu letu la siku zote limekuwa: "Mwachie Bwana." Jibu hilo ni la kweli, lakini mara nyingine tumelitoa upesi mno, kama mganga anayetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Tuisome tena Injili. Katika Mathayo sura ya 11, Kristo anawaita wote waliolemewa na kuwaahidi pumziko. Na papo hapo anawapa nira yake. Mkulima anayelima kwa plau anajua kwamba nira huvaliwa na maksai wawili. Basi pumziko la Kristo si kukaa bila mzigo, bali ni kuubeba pamoja naye. Anayelitafuta pumziko hilo huku akimwachia mwenzake nira nzima, bado hajamwelewa Bwana.

Amri ya siku ya Bwana inafundisha vivyo hivyo. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 haimwamuru mwenye nyumba apumzike peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, inamtaja mgeni, inawataja hata ng'ombe na punda. Nayo inatoa sababu: Waisraeli wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa kule Misri. Nasi wa upande huu wa Meru tunayo kumbukumbu yetu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki yao. Watu waliowahi kunyimwa mahali pa kutulia hawana budi kuwa wa kwanza kumwona anayenyimwa utulivu ndani ya nyumba zao.

Naye yupo. Dominika asubuhi familia inavaa vizuri na kwenda Misa. Nyuma anabaki msichana wa kazi. Ameamka kabla ya wote, amechemsha maji, amepiga pasi nguo za kanisani. Sasa anabaki na mtoto mchanga, sufuria jikoni na beseni la nguo. Huenda amebatizwa kama sisi. Tunarudi tukiwa tumepeana amani ya Kristo, na neno letu la kwanza kwake ni kuuliza kama chakula kimeiva.

Sheria ya nchi haikumsahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, na kila juma mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo. Wala Kanisa halikumsahau: tangu mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mwajiri anawajibika kumwachia mfanyakazi nafasi ya kumwabudu Mungu na kupumzika. Pumziko hilo si zawadi ya mwenye nyumba. Ni deni.

Wapo watakaosema: "Huyu tunamlea kama mtoto wetu." Tunauliza kwa upole: je, mtoto wetu naye hubaki jikoni kila Dominika? Wengine watasema: "Akipumzika yeye, kazi zote zitamwangukia mama." Hoja hii ni nzito, kwa maana wapo akina mama wengi wasio na msaidizi, na ambao hukata majani ya ng'ombe kabla ya Misa na kuteka maji baada yake. Lakini hapo ndipo nira inapowadai baba na vijana wa kiume. Kuosha vyombo siku ya Bwana hakumpunguzii mwanaume heshima.

Nasi mapadre tusijitoe. Tumeongeza vikao baada ya Misa, tumeongeza michango, na sikukuu ya parokia ikifika tunawaita akina mama wale wale waliochoka waje kupika. Tukihubiri pumziko, sharti tuanze kulitoa.

Kwa hiyo tunaomba kila Jumuiya ikubaliane mambo matatu: kila mfanyakazi wa nyumbani apewe siku yake ya kupumzika, pamoja na nafasi ya kwenda kusali, kazi za nyumbani siku ya Dominika zigawanywe kwa wote, na viongozi wapunguze vikao vya siku hiyo. Tukifanya hivyo, aliyechoka atapata saa moja ya ukimya, na katika ukimya huo ataweza tena kuisikia sauti ya Yule anayemwita.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Nyumbani kwetu, ni nani asiyepumzika kamwe?
2. Dominika ijayo, ni mzigo gani nitamtua?