Tuendelee Kutafuta Nyumba Hapa, au Tuhame?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa mpaka watu wote wakaisha. Nilidhani anataka kuniuliza habari za mtoto, maana akina mama wa hapa Chuno wakimwona muuguzi, hata akiwa amejifunga kitenge cha kanisa, humwuliza habari za homa na chanjo. Kumbe yeye alikuwa na jambo jingine.

"Dada," aliniambia, "mwenye nyumba ametupa miezi mitatu tuhame. Tumezunguka mtaa mzima hatujapata. Baba watoto anasema twende Dar es Salaam kwa kaka yake. Mimi sitaki. Siku hizi hata chakula tunakula kimya."

Nilimtazama macho. Yalikuwa macho ya mtu asiyelala. Nilimshika mkono tukaenda kukaa kivulini chini ya mwembe, na mengi tuliyozungumza siku ile ndiyo ninayokuletea leo, kwa idhini yake. Najua wako wengi wenye mzigo kama wake. Nyumba nzuri kodi yake ni kubwa, mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Mtu akihesabu hayo yote, anaanza kuuona mji mwingine kuwa ndio dawa.

Kwanza nilimwomba anieleze sababu za mume wake, si zake. Alisita kidogo, kisha akaeleza vizuri. Mume ni seremala. Hapa kwetu fedha huonekana zaidi msimu wa korosho. Wakati huo watu huagiza vitanda, makabati na milango. Msimu ukiisha, fundi hukaa wiki nzima akisubiri mtu wa kutengenezewa kiti. Kaka yake aliyeko Mbagala anasema huko kazi haikauki. Basi mume huyu hakuwa mkaidi, alikuwa baba mwenye hofu. Mama naye alikuwa na sababu zake: mama yake mzazi anaishi Naliendele na anaugua shinikizo la damu, na yeye mwenyewe anakaanga maandazi ambayo walimu na majirani wamezoea kuyanunua kila asubuhi.

Akina mama wenzangu, ugomvi mwingi wa nyumba huanza hapo. Kila mmoja anashika sababu zake mkononi na hazitazami za mwenzake. Kabla ya kuuliza "tukae au tuhame", kila mmoja aweze kueleza sababu za mwenzake mpaka mwenye sababu akubali kwamba ndizo.

Pili, msiamue kwa uvumi. Sisi wa Mtwara tumefundishwa jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na moja ya sehemu zake ilikuwa Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari yetu ya kina kirefu, na reli ikatandikwa kwenda bara. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, lakini mji ulichemka hasa baada ya mwaka 2010, gesi nyingi zaidi ilipopatikana chini ya bahari. Wageni wakaja, kodi zikapanda, viwanja vikawa habari ya kila kijiwe. Mwaka 2013 kukatokea vurugu kuhusu bomba la gesi, na watu wakapoteza maisha. Mwaka 2015 bomba likakamilika kwenda Dar es Salaam. Wageni wengi wakaondoka, na nyumba zilizokuwa zikigombewa zikabaki zikitafuta wapangaji.

Nakueleza hayo kwa sababu mimi na mume wangu tuliumia katika joto lile. Mwenye nyumba wetu wa wakati ule alipandisha kodi ghafla. Tuliambiwa kwamba baada ya miaka miwili hakuna mtu wa mshahara wa kawaida atakayepata kiwanja Mtwara. Tukaogopa. Tulichukua mkopo tukanunua kiwanja nje kidogo ya mji, tena mwezi wa nane, ardhi ikiwa kavu na nzuri kama sinia. Mvua zilipoanza kunyesha kwa nguvu, tulikuta kiwanja chetu ni njia ya maji, na vyura wanaimba mahali tulipotaka kuweka sebule. Mkopo tuliulipa miaka mitatu. Hakuna aliyetulazimisha, tuliamua kwa kuutazama mji uliokuwa ukisemwa, tukasahau mji tuliokuwa tukiishi. Anayehamia Dar es Salaam kwa kuwa "huko kuna kazi" anaweza kufanya kosa lile lile, na anayeng'ang'ania Chuno kwa kuwa "mji utapanda" naye ni vivyo hivyo.

Tatu, chukueni daftari mhesabu gharama yote, si kodi peke yake. Mama huyu tulipomaliza kuandika upande wa kuhama, tulikuwa na kodi ya kuanzia, fedha ya dalali, lori la vyombo, nauli ya watu watano kwa safari ya kilomita zipatazo 560, sare mpya za shule, na miezi ya mwanzo isiyo na maandazi. Mtaji wa biashara yake si unga na mafuta tu. Mtaji wake ni wale watu wanaomjua, wanaolipa mwisho wa mwezi bila kusukumwa. Mtaji huo haupandi lori. Upande wa kubaki nao tuliuandika bila upendeleo: wiki zile ambazo seremala hana kazi, na deni la dukani linaloongezeka kila wiki hizo.

Yapo mengine yasiyoandikwa kwa shilingi. Ni nani atakayekuja usiku mtoto akipatwa na degedege? Kama mmeishi mahali miaka minane, yupo jirani wa kubisha mlango wake. Ugenini jirani huyo atapatikana, lakini huchukua muda. Kwa upande mwingine, usibaki mahali kwa kupenda majirani tu huku nyumba yenyewe inawaumiza. Nimewahudumia watoto waliokuwa wakirudi kliniki kila mara kwa kikohozi, na nilipowatembelea nikakuta watu saba katika chumba kimoja kisicho na dirisha la kufunguka.

Kwa hiyo, iwe hapa au kwingine, ikagueni nyumba kwa macho ya afya. Madirisha yawe mawili au zaidi ili hewa ipite, na yawe na wavu, kwa maana mbu wa malaria huuma usiku na kwetu malaria bado ni adui. Ulizeni maji yanatoka wapi na kwa siku ngapi katika wiki. Kama ni kisima, choo kiwe mbali nacho, isipungue mita 30. Jiko liwe na pa kutolea moshi. Na kama mnanunua kiwanja, mkakione wakati wa mvua. Hilo mimi nimelilipia ada.

Kama mnahama, usiondoke bila kadi za kliniki na chanjo za watoto. Mjamzito achukue kadi yake. Mwenye dawa za kila siku, ziwe za kifua kikuu, za shinikizo la damu au za kufubaza virusi vya UKIMWI, apitie kliniki yake apewe barua ya uhamisho na dawa za kumfikisha. Nimeona watu wakihama na vitanda vyote, wakasahau barua hiyo, na dozi ikakatika. Mtoto aliye katika mwaka wa mtihani wa taifa naye apangiwe mapema; si vizuri kumng'oa katikati ya mwaka.

Nne, atakayeishi huko aende akapaone. Si kwa kusimuliwa kwenye simu, bali akalale hata siku chache, apande daladala za asubuhi, aulize bei ya ndoo ya maji na ya mkaa.

Tano, kuhusu kununua au kuuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi, haigawiwi wala kuwekwa rehani na mmoja wenu bila ridhaa ya mwenzake. Basi mama, usiweke sahihi kwa haraka eti kwa kuwa umeambiwa lori linasubiri. Mkinunua, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa na idara ya ardhi ya halmashauri, mhakikishe kiwanja ni cha nani na kimepimwa kwa matumizi gani, kabla fedha haijatoka mkononi. Na majina yenu yote mawili yaandikwe.

Labda unauliza yule mama aliishia wapi. Alirudi nyumbani na daftari lake, na jioni ile alianza kwa kumsomea mume sababu zake mwenyewe. Mume alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unanisikia." Wakakubaliana yeye aende Mbagala wiki mbili akafanye kazi kwenye karakana anakofanya kaka yake. Kazi alipata, tena kila siku. Lakini aliporudi alisema kwamba kaka yake hutoka alfajiri na kurudi usiku, na kwa wiki mbili zile yeye mwenyewe aliwaona watoto wa kaka wakiwa wamelala tu.

Hawakwenda Dar es Salaam, wala hawakubaki Chuno. Walipanua macho kidogo wakapata nyumba Naliendele, vyumba vitatu kwa kodi ndogo kuliko ile ya zamani, karibu na mama mzazi. Si kwamba hawakupoteza kitu. Wateja wa maandazi wamepungua. Mume hutumia nauli kuja karakana yake, na binti yao mkubwa analala kwa shangazi siku za shule mpaka amalize mtihani. Wameweka na sharti: mwaka ukiisha na kazi ikiwa bado ngumu, watalifungua daftari tena, na safari hii mama hatakataa kabla ya kuhesabu.

Muuguzi mwenzangu na mumewe walifanya hesabu kama hiyo, ikawaelekeza Masasi. Walihama, na leo wana nyumba yao na bustani ya mboga. Kwa hiyo sikuambii ubaki, wala sikuambii uondoke. Nakuambia mhesabu pamoja, mkaone kwa macho yenu, na mjiwekee tarehe ya kuamua, kwa maana kutafuta nyumba bila mwisho nako ni ugonjwa. Hula usingizi, hula amani ya ndoa.

Usiku wa leo watoto wakishalala, mwulize baba watoto sababu zake, kisha umrudishie kwa maneno yako uone kama umemsikia. Mkimaliza, ombeni pamoja, kisha mfungue daftari.

Tuonane mwezi ujao.